Makosa ya Matamshi na Utambuzi wa Sauti kwa Watoto wa Chekechea Jijini Nairobi: Mtazamo wa Kihistoria

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba yale yaitwayo makosa ya matamshi ya watoto wa chekechea jijini Nairobi si ya namna moja, na kwamba historia ya lugha shuleni imechangia kuyachanganya.

Mwaka 1957 lilianzishwa, katika shule za Waasia mjini Nairobi, jaribio la kufundishia kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Tume ya Ominde (1964) iliunga mkono utaratibu huo. Kamati ya Gachathi (1976) ikapendekeza kwamba miaka mitatu ya kwanza ifundishwe kwa lugha itumiwayo zaidi katika eneo la shule. Mashambani, lugha hiyo ilikuwa lugha ya mama. Katika mitaa ya mchanganyiko kama Kangemi na Kawangware, magharibi mwa jiji, ilikuwa Kiswahili.

Lakini Kiswahili hicho husikiwa kwa masikio ya lugha nyingine. Kigikuyu hakina kitambaza /l/. Kwa hiyo mtoto asemaye "rara" badala ya "lala" ametumia sauti ya karibu aliyo nayo. Kadhalika Kijaluo hakina /sh/, na "shule" huwa "sule". Hizo ni kanuni, wala si ulegevu wa ulimi. Kwa upande mwingine, mtoto wa miaka mitatu asemaye "langi" badala ya "rangi" yumo katika ukuaji tu, maana kimadende huchelewa katika lugha nyingi. Mielekeo hiyo miwili inapingana; mwalimu anayeikemea kwa kemeo moja humnyamazisha mtoto asiyekuwa na kosa.

Isitoshe, kutotamka sauti si ushahidi wa kutoisikia. Yafaa mtoto aulizwe kwanza kama "kula" na "kura" ni neno moja au mawili. Silabi za Kiswahili, ambazo nyingi huishia kwa irabu, humrahisishia kazi: hupiga makofi matatu kwa "ki-ta-bu" kabla ya kujua herufi yoyote. Anayefundishwa majina ya herufi ya Kiingereza hupata "bii-ei-bii-ei" pale palipoandikwa "baba". Mradi wa Tusome, ulioenea nchini mwaka 2015, ulirejesha mkazo kwenye sauti na silabi katika darasa la kwanza.

Hata hivyo, mtoto hufika darasa la kwanza akiwa amekwisha kuchekwa au kusikilizwa. Basi katika chekechea sikio litangulie, na ulimi ufuate.