Upepo wa magurudumu na mguu wa dereva huamua matumizi ya mafuta

BEI ya petroli ya super ilipovuka Sh200 kwa lita jijini Nairobi mnamo Septemba 2023, wenye magari wengi waliikodolea macho Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA), ambayo hutangaza bei mpya kila tarehe 14 ya mwezi. Dereva hana usemi kuhusu bei hiyo. Hata hivyo, kiasi cha mafuta kinachochomwa na gari lake kimo mikononi mwake, na kwa sehemu kubwa hutegemea mambo mawili: upepo ulio katika magurudumu na jinsi anavyoendesha.

Gurudumu lenye upepo haba hubonyea linapogusa barabara. Kila linapozunguka, mpira wake hujikunja na kujinyoosha, na nguvu inayotumika hapo hupotea kama joto. Nguvu hiyo hutoka kwa injini, nayo injini huipata kwa kuchoma mafuta. Yeyote aliyewahi kuendesha baiskeli yenye gurudumu lililolegea anaijua adhabu hiyo miguuni mwake.

Kwa mujibu wa Wizara ya Kawi ya Marekani, upepo ukipungua kwa kipimo kimoja cha psi katika magurudumu yote, umbali ambao gari huenda kwa kila lita hupungua kwa takriban asilimia 0.2. Chukua mfano wa gari linalotumia lita 100 kwa mwezi. Iwapo magurudumu yote yamepungukiwa na psi 10, gari hilo litahitaji takriban lita mbili zaidi. Lita ikiuzwa Sh200, hizo ni Sh400 kila mwezi.

Fedha hizo huenda zikaonekana kidogo, lakini hasara haiishii hapo. Gurudumu lililolegea huchakaa upesi pembeni, na joto linalojikusanya ndani yake linaweza kulifanya lipasuke gari likiwa katika mwendo wa kasi. Kujaza upepo kupita kiasi pia si dawa. Gurudumu lililofura huchakaa katikati na hushika barabara kwa eneo dogo, jambo linalodhoofisha uwezo wa gari kusimama, hasa mvua inaponyesha.

Kiwango kinachofaa huandikwa na kiwanda kwenye kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva. Nambari iliyochapishwa ubavuni mwa tairi ni upeo ambao tairi hilo haifai kuupita, wala si kiwango cha kujaziwa. Magari mengi yaliyoagizwa kutoka Japani yana vibandiko vinavyotumia kilopaskali (kPa), ilhali wahudumu wengi wa vituo vya mafuta nchini huuliza psi. Kilopaskali 220 ni karibu sawa na psi 32. Upepo unafaa kupimwa angalau mara moja kwa mwezi, asubuhi kabla ya gari kwenda mbali, kwa kuwa gurudumu lililopata joto barabarani huonyesha kipimo cha juu kuliko hali halisi. Gurudumu la akiba lisisahaulike.

Hata hivyo, mguu wa dereva unaweza kupoteza mafuta mengi kuliko gurudumu. Wizara hiyo inakadiria kwamba uendeshaji wa pupa, yaani kukanyaga mafuta kwa nguvu na kushika breki ghafla, hupunguza umbali unaopatikana kwa kila lita kwa kati ya asilimia 10 na 40 katika msongamano, na kati ya asilimia 15 na 30 katika barabara kuu. Sababu yake ni wazi. Kila breki inaposhikwa, mwendo ulionunuliwa kwa mafuta hugeuka joto na kupotea. Dereva anayetazama mbali na kuacha nafasi mbele yake huondoa mguu mapema, na mara nyingi hahitaji breki kabisa.

Kasi nayo ina gharama yake. Mwendo ukiongezeka maradufu, upinzani wa hewa huongezeka mara nne. Mizigo iliyofungwa juu ya gari huzidisha upinzani huo. Gari lililosimama huku injini ikinguruma linaweza kumaliza kati ya lita moja na mbili kwa saa bila kusonga hata hatua moja.

Ipo mbinu moja ambayo madereva wapaswa kuiepuka kabisa: kutoa gari kwenye gia na kuliachilia literemke lenyewe. Tabia hiyo imelaumiwa kwa miaka mingi kwa ajali za malori katika mteremko wa Salgaa, kwenye barabara kuu ya Nakuru kuelekea Eldoret. Breki zikiachiwa kazi yote hupata joto jingi na kushindwa kufanya kazi. La kusikitisha ni kwamba kwa injini za kisasa hakuna kinachookolewa. Gari likiteremka katika gia na mguu ukiwa nje ya pedali ya mafuta, mitambo hukatiza mafuta yanayoingia kwenye injini. Likitolewa kwenye gia, injini hulazimika kuendelea kuyachoma ili isizime.

Hivyo basi, anayeteremka kwa gia ya chini huokoa mafuta, breki na maisha kwa pamoja. Mwenda pole hajikwai.