Kufumua injini ya Subaru Impreza: vifaa, gharama na njia ya kuleta vipuri Kigali

KANOMBE, Kigali – Subaru Impreza ni gari la michezo linalojulikana sana Afrika Mashariki. Colin McRae alishinda Safari Rally ya Kenya nalo mwaka 1997, na Richard Burns akafanya hivyo mwaka 2000. Nchini Rwanda gari hilo limeonekana mara nyingi katika mbio za Mountain Gorilla Rally. Injini yake ya EJ20 ilitengenezwa kwa miaka takriban 30, kwa hiyo vipuri bado vinapatikana. Mwenye gari anayetaka kuifumua mwenyewe hana budi kujua fedha zinakwenda wapi kabla ya kufungua nati ya kwanza.

Injini yenyewe

EJ20 ina silinda nne zilizolala, mbili kila upande. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 1,994. Kipenyo cha silinda ni milimita 92 na mwendo wa pistoni ni milimita 75. Majina yanafanana lakini vipuri havifanani. EJ205 ya WRX na EJ207 ya STI zinatofautiana katika bloku, pistoni na gasketi. Agizo liandikwe kwa namba ya injini na namba ya chasisi, si kwa jina la gari peke yake.

Vifaa vinavyohitajika

Spana na soketi za kawaida hazitoshi. Boliti za hedi huhitaji soketi ya milimita 14 yenye pembe 12. Pini za pistoni hutolewa kupitia matundu ya pembeni kabla bloku haijatenganishwa, na vizibo vya matundu hayo hufunguliwa kwa ufunguo wa pembe sita wa milimita 14. Asiyejua hilo huishia kuvunja bloku nzima.

Vifaa vingine ni winchi ya kunyanyulia injini, stendi, spana ya kupimia nguvu ya kukaza, kipimo cha nyuzi, kibanio cha ringi, mikromita na saa ya kupimia silinda. Usipunguze gharama kwenye vifaa vya kupimia, maana kosa la sehemu moja ya mia ya milimita kwenye beringi linaweza kuua krenkshafti. Winchi na stendi zinaweza kukodiwa. Kuchonga hedi, kutoboa silinda na kusaga krenkshafti ni kazi ya mashine, na hakuna anayeifanya uani kwake. Mjini Kigali, Gatsata inajulikana kwa gereji na maduka ya vipuri, na ndiko pa kuanza kuulizia.

Pima kwanza, agiza baadaye

Hasara kubwa hutokana na kuagiza vipuri kabla ya kupima. Pistoni za kiwanda hupatikana kwa kipimo cha kawaida na kwa ukubwa wa ziada wa milimita 0.25 na 0.50. Beringi nazo zina vipimo vya 0.03, 0.05 na 0.25. Aliyeleta pistoni za kawaida kisha akakuta silinda zimelika hulipa nauli, ushuru na kusubiri mara mbili. Utaratibu mzuri ni huu: fumua, safisha, pima, peleka kwa fundi wa mashine, ndipo uandike orodha.

Orodha ya chini kabisa ni seti ya gasketi, ringi, beringi za krenkshafti na konrodi, boliti za hedi, mkanda wa taimingi na roli zake, pampu ya maji, pampu ya oili na chujio. Kama beringi zimeyeyuka, kipozea oili na mabomba ya tabo yasafishwe au yabadilishwe, kwa sababu chembe za chuma hubaki humo na kuharibu injini mpya.

Ushuru

Rwanda ilijiunga na Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki Julai 2009. Viwango vikuu vya ushuru wa pamoja ni asilimia 0, 10 na 25, na tangu Julai 2022 kuna cha asilimia 35. VAT ya Rwanda ni asilimia 18, nayo hutozwa juu ya thamani iliyokwisha kuongezwa ushuru.

Mfano: vipuri vya dola 1,000 pamoja na bima na nauli, vikiwa katika kundi la asilimia 10. Ushuru ni dola 100. VAT ni asilimia 18 ya dola 1,100, yaani dola 198. Jumla ni dola 1,298, kabla ya tozo nyingine na malipo ya wakala.

Ndege au meli

Uwanja wa ndege wa Kigali uko Kanombe, hivyo ringi, beringi na gasketi zinaweza kuja kwa ndege. Mizigo mikubwa isiyo mizito hutozwa kwa ujazo. Kwa kawaida mita moja ya ujazo huhesabiwa kama kilo 167. Bloku au injini nzima ni nafuu kwa meli, kupitia Dar es Salaam na Rusumo au Mombasa na Gatuna.

Wasafirishaji wazingatie jambo moja. Injini ya petroli iliyotumika na yenye mabaki ya mafuta huhesabiwa kuwa mzigo wa hatari, namba UN 3528. Imwagwe mafuta, isafishwe na itangazwe kwa ukweli. Injini iliyofichwa ndani ya sanduku la "vipuri" inaweza kuzuiwa, na gharama za ghala zikazidi faida ya kufumua mwenyewe.

Injini kuukuu ya Japani au Dubai?

Kama krenkshafti imekatika au bloku imetoboka, injini iliyotumika huenda ikawa nafuu. Lakini hali yake ya ndani haijulikani mpaka ifunguliwe. Mnunuzi adai kipimo cha mgandamizo wa kila silinda kwa maandishi kabla ya kutuma fedha.