Ujuano wa Dini, Si Kisomo

Katika warsha moja ya walimu wa sekondari, karatasi iligawiwa ikiwa na istilahi mpya: "kisomo cha dini". Ndivyo waandaaji walivyouita uwezo wa mwanafunzi kuifahamu dini yake na dini za majirani zake. Mwandishi wa makala haya alinyoosha mkono na kupendekeza neno jingine. Akajibiwa kwamba kamati imekwisha kuipitisha istilahi hiyo. Kamati hiyo haikueleza ilipima kwa mizani gani.

Kanda ya Ziwa inalijua neno kisomo kuliko kamati yoyote. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mradi wa UNESCO wa kisomo chenye manufaa uliendeshwa humu, Shinyanga ikiwamo. Kwa wakulima wa pamba walioshika kalamu ukubwani, kisomo ni a, e, i, o, u. Kwa Waislamu, kisomo ni watu kuketi jamvini, kusoma Kurani na kumwombea marehemu. Mzazi akipewa barua kwamba mwanawe atahudhuria kisomo cha dini, ataelewa kuwa shuleni kuna dua.

Wengine wameleta "usomi wa kidini", kana kwamba kijana wa kidato cha pili ni shehe au mwanateolojia. "Elimu ya dini" nayo ina mwenyewe: Elimu ya Dini ya Kiislamu ni somo la mtihani, na lengo lake ni kumlea Mwislamu katika Uislamu wake, jambo jema lakini jingine. Linaloudhi zaidi ni "uvumilivu wa kidini". Huvumiliwa njaa, jua la Meatu huko Simiyu na jino linalouma. Kumweka jirani katika orodha hiyo ni kumvunjia heshima.

Neno linalofaa ni ujuano.

Limeundwa kwa njia ile ile iliyotupa ushirikiano kutoka shirikiana na utangamano kutoka tangamana. Jua, juana, ujuano. Kiambishi -an- ndicho roho yake, kwa kuwa kinadai watu wawili: mimi nikujue, nawe unijue. Nacho hakibagui mzizi kwa asili yake. Ridhi ilitoka Uarabuni, ikavishwa -an-, tukapata maridhiano. Anayesema uelewano unatosha achunguze: muuza duka na mteja huelewana bei bila kujuana hata jina.

Kuna ushahidi mzito zaidi. Aya ya 13 ya Sura ya Hujurat katika Kurani hutaja sababu ya wanadamu kufanywa mataifa na makabila, na kitenzi chake cha Kiarabu kina mzizi uliotupa arifu, taarifa, maarifa na maarufu, kikiwa katika umbo la kutendana. Wafasiri wa Kiswahili wamekitafsiri kwa juana.  Na Msukuma wa Itilima au Maswa, baada ya salamu ya "mwangaluka", hutaka kujua wewe ni mtoto wa nani kabla mazungumzo hayajaendelea. Huo ni ujuano, nao ulikuwapo kabla ya warsha.

Wanaoona huu ni ugomvi wa maneno tu wakumbuke Buseresere, mkoani Geita, Februari 2013. Mgogoro juu ya nani achinje nyama ya kuuzwa ulizuka kati ya Wakristo na Waislamu, na mchungaji mmoja akauawa. Kwa miaka mingi kuchinja kuliachiwa Waislamu ili kitoweo kimoja kiliwe na wote. Ni wanafunzi wangapi walioelezwa darasani, kwa utulivu, kwa nini Mwislamu hali nyama isiyochinjwa kwa kutajiwa jina la Mungu, na kwa nini Mkristo fulani aliona dhamiri yake imebanwa na mpango huo?

Kuhusu matumizi: neno hili liko katika ngeli ya U-, halina wingi, na husemwa "somo la ujuano wa dini", "mwalimu wa ujuano wa dini".

Kipindi cha dini kikifika, darasa hugawanyika. Wakatoliki huenda kwa katekista, wa kanisa la AICT na Wasabato kila kundi na chumba chake, Waislamu kwa ustadhi. Katika nchi ya Wasukuma huenda akabaki mmoja dawatini, ambaye kwao hutambikia masamva, mizimu ya ukoo, na hana mlango wa kuingia. "Kisomo" hakimwoni mtoto huyu, kwa kuwa hana kitabu cha kusomewa. Ujuano unamhitaji asimame mbele ya wenzake awaeleze kinachofanyika nyumbani kwao siku ya tambiko, kisha naye aulize kwa nini wao hufunga.