Mwerevu na Mjinga wa Vugiri



Wengi wetu tunaijua Vugiri, kule juu milimani wilayani Korogwe, kwa ubaridi wake. Wachache wanajua kwamba kuanzia mwaka 1935 hadi 1937 palikuwa makao ya jaribio la kutengeneza sinema za kuwafunza Waafrika. Fedha zilitoka Shirika la Carnegie la Marekani. Kiongozi wa upigaji picha alikuwa Meja L. A. Notcutt, aliyewahi kusimamia shamba la mkonge. Zilitengenezwa sinema fupi 35. Maneno yalitiwa katika sahani za santuri, hivyo sinema moja iliweza kusema Kiswahili hapa na lugha nyingine kwingineko.

Mwaka 1937 Notcutt na mwenzake G. C. Latham walitoa mjini London kitabu kinachoeleza kazi hiyo, The African and the Cinema. Sinema mojawapo ilihusu Benki ya Akiba ya Posta. Vibarua wawili wanapokea mshahara. Mmoja anafukia fedha zake ardhini, mwizi anazichukua. Mwenzake anaweka posta, zinasalimika.

Jozi ya mwerevu na mjinga haikuwa ngeni kwetu; tulikuwa nayo katika ngano za Sungura na Fisi. Huko Marekani nako, miaka hiyohiyo, Laurel na Hardy walikuwa wakiichekesha dunia. Lakini hao wote wawili ni wajinga, wala hawakutumwa kumfunza mtu. Jozi ya Vugiri ilitumwa. Mjinga ni yule anayefuata desturi ya nyumbani, na mwerevu ni yule anayefuata dirisha la serikali. Hakuna aliyeuliza kibarua aliyetoka Handeni kuja kukata mkonge Korogwe angetembea maili ngapi kulifikia dirisha hilo.

Mtindo huo haukufa. Mapema miaka ya 1950 mtu wa shamba aliyepotea mjini alichekwa tena katika sinema ya Muhogo Mchungu. Aliyeigiza humo ni Rashidi Kawawa, ambaye mwaka 1962 alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Hapo ndipo tujue kwamba aliyevaa ujinga mbele ya kamera hakuwa mjinga hata kidogo.

Katika zile sinema 35, zinazojulikana kubaki ni tatu tu, na ile ya Posta haimo. Vibarua wake wawili wanaishi kitabuni, na jaladani mna majina ya Waingereza wawili.

Vijana, kazi iliyosalia ni yenu. Waigizaji wale wametangulia mbele ya haki, lakini watoto na wajukuu wao huenda bado wako vijijini. Ninyi wa somo la historia, pandeni Vugiri na daftari, ulizeni nani walicheza, walilipwa nini, na walicheka nini kamera ilipozimwa. Mali bila daftari hupotea bila habari.