Mbwa wa ‘washenzi’ aliyeingia ulingo wa mbwa wa nasaba

MBWA anayelinda shamba la mahindi au zizi la mbuzi katika kata ya Mutuka, mjini Babati, kwa kawaida hana cheti cha kuzaliwa. Babu yake hajulikani, na majirani humwita mbwa koko, jina lililo karibu sana na tusi.

Hata hivyo, mojawapo ya aina za mbwa zinazoheshimiwa katika maonyesho ya kimataifa ilitokana na mbwa wa vijijini wa namna hiyo, na jina lake nalo ni la dharau. Mbwa huyo ni Basenji, kutoka misitu ya Kongo. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi: ‘ba’ ya lugha za huko ndiyo ‘wa’ yetu, na basenji ni washenzi, yaani watu wa porini.

Maonyesho ya kwanza ya ushindani wa mbwa yanayokumbukwa yalifanyika Newcastle, Uingereza, mwaka 1859, yakihusu mbwa wa kuwindia ndege tu. Chama cha Kennel Club kiliundwa mwaka 1873, na shirikisho la kimataifa, FCI, mwaka 1911. Katika ukanda huu, maonyesho huandaliwa Nairobi na East Africa Kennel Club.

Wengi hudhani jaji humtafuta mbwa mzuri kuliko wenzake. Sivyo. Kila mbwa hupimwa kwa maandishi yanayoeleza sifa za aina yake, na anayekaribia zaidi maandishi hayo ndiye mshindi. Jaji hufungua kinywa kukagua meno, hupapasa mabega na mgongo, huhakikisha dume ana korodani zote mbili, kisha humtazama akitembea na kukimbia. Washindi wa kila aina hukutana katika kundi lao, na washindi wa makundi huwania taji la siku.

Kwa Basenji, maandishi yanataka dume la kimo cha sentimita 43 hivi na uzito wa kilo 11, masikio yaliyosimama, makunyanzi ya paji la uso na mkia uliojikunja juu ya kiuno. Habweki kama mbwa wengine, bali hutoa sauti inayofanana na wimbo. Jike wake hupata joto mara moja tu kwa mwaka, wakati aina nyingi hupata mara mbili.

Alionyeshwa Crufts, London, mwaka 1895, lakini mbwa waliopelekwa walikufa kwa ugonjwa wa distempa. Ilibidi kusubiri hadi miaka ya 1930 ndipo aina hiyo ikashika mizizi Uingereza, na mwaka 1937 ikawa kivutio katika maonyesho hayo hayo.

Hapo ndipo tatizo lilipoanzia. Mbwa wa Ulaya na Marekani walitokana na wazazi wachache mno, na kitabu cha nasaba kikafungwa ili damu isichanganyike. Vizazi vilivyofuata vilianza kuugua maradhi ya figo yaitwayo Fanconi, ambayo mara nyingi hujitokeza mbwa akiwa amekwisha kuzaa. Jaji hawezi kupapasa figo. Mbwa mgonjwa wa kesho aliweza kutwaa taji leo na kutafutwa na kila mwenye jike.

Mwaka 1987 na 1988 wafugaji wa Marekani walisafiri hadi Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, na kurudi na mbwa wa vijijini wasio na karatasi yoyote. Mwaka 1990 chama cha American Kennel Club kilikubali kuwaandikisha. Yaani nasaba ‘safi’ iliokolewa na mbwa ambao hapa Babati wangeitwa koko.

Nje ya ulingo wa umbo ipo michezo. Basenji hushindana kukimbiza chambo, mara nyingi mfuko wa plastiki unaovutwa kwa kamba uwanjani, akipewa alama za kasi, wepesi wa kugeuka na ustahimilivu. Mchezo wa kuruka viunzi, ulioonyeshwa kwa mara ya kwanza Crufts mwaka 1978, hauangalii uzuri kabisa. Tangu 2010 chama hicho cha Marekani huruhusu hata mbwa chotara kushiriki.

Kitabu cha nasaba cha Basenji kilifunguliwa tena mwaka 2009, na wafugaji wakarudi tena vijijini.