Nishani ya Vita na Majina ya Askari

Neno nishani limeingia katika Kiswahili kutoka Kiajemi, ambamo maana yake ni alama. Nishani ya vita ni alama ya ushujaa, nayo huvalishwa mtu mmoja mwenye jina. Lakini askari wa miguu hapigani peke yake. Jina la nani basi huandikwa, na nani huliandika? Tulichunguze swali hili kwa mfano mmoja.

Victoria Cross, iliyoanzishwa mwaka 1856, ndiyo nishani ya juu kabisa ya ushujaa vitani katika jeshi la Uingereza. Tarehe 19 Mei 1941, huko Colito nchini Ethiopia, askari wa King's African Rifles, kikosi cha Waingereza cha Afrika ya Mashariki, walikuwa wamevuka mto Billate kwa taabu kubwa. Vifaru vya Waitalia vikawashambulia ghafla. Sajini Nigel Leakey, Mwingereza mzaliwa wa Kenya, alikuwa amekwisha risasi za mzinga wake. Alirukia kifaru kimoja, akafungua kifuniko chake, akawaua waliokuwamo isipokuwa dereva. Kisha alivifuata vifaru vingine kwa miguu. Akiwa juu ya kifaru cha pili alichokirukia, alipigwa risasi, akafa. Nishani yake ilitangazwa mwezi wa Novemba 1945.

Tuisome vizuri taarifa ya tangazo hilo. Inasema kwamba Leakey alipovifuata vifaru kwa miguu, alifuatana na sajini meja Mwafrika na askari wengine wawili. Watu watatu waliikabili hatari ileile. Taarifa inataja cheo chao na rangi yao, wala haitaji jina hata moja.

Hatusemi haya ili kupunguza sifa ya marehemu, aliyelipa kwa uhai wake. Twasema kwamba upungufu huo ulitokana na utaratibu. Kwanza, tangu mwanzo wa karne ya 20 hadi mwaka 1942, askari Waafrika wa kikosi hicho walikuwa na medali yao ya pekee, Distinguished Conduct Medal iliyoandikwa jina la kikosi, mbali na ile waliyopewa askari Waingereza. Hata chuma kilitenganishwa. Pili, lugha. Kikosini askari walizungumza Kiswahili na maofisa wao, lakini taarifa za ushujaa ziliandikwa kwa Kiingereza na maofisa hao. Aliyetenda hakuwa mwandishi, na asiyeandika hutegemea kumbukumbu ya mwingine.

Jambo hili latuhusu sisi pia. Tarehe 3 Julai 1941, huko Saïo, katika vita vilevile vya Ethiopia, Jenerali Gazzera wa Italia alijisalimisha kwa Force Publique ya Kongo. Saïo, Gambela na Asosa ni majina ya barabara za Kinshasa. Mahali pamekumbukwa, wangapi kati yetu waweza kumtaja askari mmoja aliyepigana hapo? Mwezi wa Juni 2022, Mfalme Philippe wa Ubelgiji alimvalisha nishani Koplo Albert Kunyuku mjini Kinshasa, miaka 77 baada ya vita kwisha. Wenzake karibu wote walikuwa wamekwisha kufa.

Wanafunzi wetu wanao wajibu hapa. Wazee wameondoka, lakini watoto na wajukuu wao wapo, na masimulizi yao yamo katika lugha zetu. Tuyaandike pamoja na majina.