Equiano: Jina Lisilo na Warithi

Wapo watu wanaoacha jina bila kuacha mtoto wa kulibeba, na wapo wanaoacha watoto bila kuwaachia jina. Olaudah Equiano, Mwafrika aliyechapisha kisa cha maisha yake jijini London mwaka 1789, alikuwa wa kundi la pili. Alizaa mabinti wawili katika ndoa halali, na hakuna hata mmoja aliyeitwa Equiano. Yeye mwenyewe hakuitwa hivyo katika hati kubwa za maisha yake. Hati ya uhuru wake ya mwaka 1766, kumbukumbu ya ndoa yake ya mwaka 1792 na wasia alioacha, zote zinamtaja Gustavus Vassa.

Katika makala haya nakusudia kulitazama jina Equiano kwa jicho la mpenzi wa lugha: asili yake, maana yake, na kuenea kwake. Maswali hayo matatu huulizwa juu ya kila jina la ukoo, na kwa kawaida majibu yake hutafutwa kwa wazee na katika vitabu vya usajili. Kwa jina hili njia hiyo haitufikishi mbali. Ushahidi wake wa msingi ni kitabu kimoja tu, na aliyekiandika ni mwenye jina.

Majina aliyovishwa

Kwa mujibu wa kitabu chake, Equiano alizaliwa yapata mwaka 1745 katika mahali alipopaita Essaka, katika nchi ya Waigbo, ambayo leo ni sehemu ya Nigeria. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja hivi, yeye na dada yake walitekwa nyumbani wakati watu wazima wako mashambani. Kuanzia hapo majina yakawa yanabadilika kila alipobadilika bwana. Melini aliitwa Michael. Huko Virginia akaitwa Jacob. Kisha akanunuliwa na Michael Henry Pascal, afisa wa jeshi la majini la Uingereza, naye akambandika jina la Gustavus Vassa.

Jina hilo lilikuwa la Gustav Vasa, aliyetawazwa mfalme wa Sweden mwaka 1523 baada ya kuikomboa nchi yake kutoka mikononi mwa Wadenmark. Mabwana wa zama zile walipenda mchezo huo wa kumwita mtumwa Caesar au Pompey, kwa maana kadiri jina lilivyokuwa kubwa ndivyo dhihaka ilivyozidi. Kijana alikataa. Anaeleza kwamba aliomba aendelee kuitwa Jacob, na kwa kila kukataa alipigwa makofi, hata akanyamaza na kulipokea. Hapa pana jambo la kulitafakari. Jina alilolipigania mbele ya Pascal halikuwa Olaudah. Lilikuwa Jacob, yaani jina jingine la kuvishwa. Mtoto aliyenyang'anywa mara tatu alikuwa anajaribu kushika angalau kile kilichokuwa mkononi siku ile.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tunaijua hali hiyo. Sidi Mubarak Bombay, kiongozi wa misafara ya Speke na Stanley, alikuwa Myao aliyechukuliwa utotoni, akauzwa Kilwa na kupelekwa India. Historia inamkumbuka kwa jina la mji wa ugenini. Tofauti yake na Equiano ni kwamba huyu wa pili alipata nafasi ya kuandika.

Asili: sikio la mtoto na herufi za Kiingereza

Katika karne ya 18 Waigbo hawakuwa na majina ya ukoo kwa maana ya leo, yaani neno moja lisilobadilika linalopita kutoka baba hadi mjukuu. Mtu alikuwa na jina lake, akatambulishwa kwa jina la baba yake, kisha kwa nyumba na kijiji chake. Majina ya ukoo yaliyoganda yalikuja baadaye, pamoja na misheni, shule na madaftari ya serikali ya kikoloni. Kwa hiyo "Equiano" huenda lilikuwa jina la baba, au la babu, au la nyumba nzima. Mwandishi anatufafanulia maana ya Olaudah, lakini Equiano analiweka tu mbele yetu na kuendelea na safari yake.

Tunachoweza kukishika ni tahajia. Alfabeti ya Kiigbo haina herufi *q*. Ina *kw*, inayohesabiwa kuwa herufi moja, na msomaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa kuitamka, kwani anayo katika "kweli" na "kwao". Equiano basi ni Ekwiano lililovaa nguo za Kiingereza. Mtoto alilibeba jina masikioni. Mtu mzima akaliandika baada ya zaidi ya miaka thelathini, kwa herufi za lugha aliyojifunzia kusoma.

Alifanya hivyo pia kwa maneno mengine. Wazee wenye chale za heshima kwenye paji la uso anawaita "embrenche". Wanaojua Kiigbo hulitambua humo neno *mgburichi*, lenye *ichi* ndani yake, yaani chale zenyewe. Neno limepoteza sauti zake za mwanzo kwa sababu Kiingereza hakina namna ya kuanza neno kwa *mgb*, lakini maana imebaki mahali pake. Tukilisoma Equiano kwa kipimo hichohicho, tunapata maumbo kadhaa ya Kiigbo yaliyo karibu nalo: Ekwuano, Ekweano na Ikwuano.

Maana: nusu ya mwisho na nusu ya kwanza

Tuanze na jina alilolifafanua mwenyewe. Anasema Olaudah lina maana ya mageuko ya maisha au bahati, na tena mtu aliyependelewa, mwenye sauti kubwa na mfasaha wa kusema. Katika Kiigbo, *ọla* ni pambo la thamani kama pete au bangili, na *ụda* ni sauti au mlio. Ọlaụda ni pambo linalolia. Sauti kubwa aliyoitaja mwandishi imo kweli ndani ya neno.

Equiano ni gumu zaidi. Nusu yake ya mwisho yaelekea kuwa *anọ*, nne. Kiigbo na Kiswahili ni jamaa wa mbali katika familia ya lugha za Niger-Kongo, na mzizi wa namba hii wenye sauti *n* umeenea katika lugha nyingi za familia hiyo. Kwa Waigbo, nne ina uzito wa pekee, maana juma lao la jadi lina siku nne: Eke, Orie, Afọ na Nkwọ.

Nusu ya kwanza ndiyo yenye mabishano. Ikiwa ni *ikwu*, basi ni jamaa au ukoo, na jina zima ni "koo nne". Jina hilo lipo hadi leo, lakini ni la mahali: Ikwuano ni eneo la serikali za mitaa katika jimbo la Abia, linalounganisha jamii nne za Oboro, Ibere, Ariam na Oloko. Ikiwa mzizi ni *kwu*, basi tunazungumzia kusema, kama katika jina Ekwueme, alilokuwa nalo Alex Ekwueme, makamu wa rais wa Nigeria kuanzia 1979 hadi 1983. Maana yake ni yule asemaye akatenda. Ikiwa mzizi ni *kwe*, tunazungumzia kukubali. Na *ekwe* ni ile ngoma ya gogo lililotobolewa, iliyotumiwa kuwaita wanakijiji.

Kwa nini lugha yenyewe isituamulie? Kwa sababu Kiigbo ni lugha ya toni, na tahajia ya Kiingereza haiandiki toni. Neno *akwa*, kwa kupanda na kushuka kwa sauti tu, huwa kilio, nguo, yai au kitanda. Equiano aliijua toni ya jina lake jinsi mama yake alivyolitamka, karatasi haikuipokea. Hasara hiyo ni ndogo kwa macho, lakini kwa mshairi ni kubwa. Ni kama kupewa shairi lililoondolewa mizani, ukaambiwa ulighani.

Neno la wapinzani

Insha ya haki haiwezi kuuficha ubishi uliopo. Mtafiti Vincent Carretta ameonyesha kwamba daftari la ubatizo la kanisa la St Margaret's, Westminster, la mwaka 1759, linamtaja Gustavus Vassa kuwa mtu mweusi aliyezaliwa Carolina. Orodha ya mabaharia wa meli ya Racehorse ya mwaka 1773 nayo inamtaja kuwa mzaliwa wa Carolina Kusini. Kwa upande mwingine, wapo wanahistoria, kama Paul Lovejoy, wanaoshikilia kwamba alizaliwa Afrika. Catherine Acholonu naye alichapisha mwaka 1989 utafiti wake uliolitafuta chimbuko hilo huko Isseke, katika jimbo la leo la Anambra.

Mimi naliona suala hili kwa upande wa maneno. Hata tukikubali kwamba alizaliwa Carolina, bado ni lazima mtu fulani awe alimpa *mgburichi* na *ụda*, maneno yaliyokaa katika maana zao sahihi. Maneno hayo hayaokotwi katika madaftari ya meli. Kama hakuyapata kwa mama yake Essaka, basi aliyapata kwa Waigbo waliovushwa bahari, na jina Equiano lingekuwa amana waliyomkabidhi. Ubishi unahusu mahali alipozaliwa mtu. Uigbo wa maneno yake ni hoja inayosimama kwa miguu yake.

Kuenea: kila mahali isipokuwa nyumbani

Majina ya Kiigbo yaliyoenea sana ni yale ya siku za soko. Okeke, Okorie, Okafor na Okonkwo ni wanaume wa Eke, Orie, Afọ na Nkwọ. Nwankwo ni mtoto wa Nkwọ. Sisi wenye kina Juma na Khamisi hatuwezi kushangaa. Wasomaji wa Kiswahili wamelizoea jina Okonkwo tangu riwaya ya Chinua Achebe ilipotafsiriwa kwa jina la *Shujaa Okonkwo*. Majina hayo yameenea kwa sababu kila siku huzaliwa watoto, na kila siku ina jina lake.

Equiano halina bahati hiyo. Mwandishi alimwoa Susannah Cullen, Mwingereza, huko Soham, Cambridgeshire, tarehe 7 Aprili 1792. Watoto wao waliitwa Anna Maria Vassa na Joanna Vassa. Yeye alifariki tarehe 31 Machi 1797, na Anna Maria akamfuata mwezi Julai mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka mitatu. Joanna aliishi hadi 1857, akaolewa na mchungaji Henry Bromley, akazikwa katika makaburi ya Abney Park, London. Hakuna mtoto wake anayejulikana. Kwa hiyo hata Vassa, jina lililoletwa kwa makofi, lilikoma katika nyumba hiyo.

Lakini tazama liliko Equiano leo. Kuna kasoko katika sayari ya Utaridi iliyopewa jina hilo mwaka 1976. Kuna mkongo wa mawasiliano wa Google uliolazwa chini ya bahari kutoka Ureno hadi Afrika Kusini, ukipitia Nigeria. Nao unaitwa Equiano. Unapita katika bahari ileile ya Atlantiki iliyopitisha meli za watumwa. Na mjini Cambridge, daraja linalovuka mto Cam kuelekea Chesterton lilipewa jina la Equiano mwaka 2022.

Daraja hilo haliko mbali na kanisa la St Andrew's, Chesterton, ambako ukutani kuna kibao cha kumbukumbu ya Anna Maria, chenye beti za kumlilia. Kibao kinamtaja kuwa binti wa Gustavus Vassa, Mwafrika. Apitaye darajani kwenda kanisani analiacha jina la baba juu ya maji, kisha anakuta ukutani binti aliyeitwa kwa jina la mfalme wa Sweden.

Neno dogo "au"

Yote hayo yametokana na uamuzi mmoja wa uandishi. Mwaka 1789, akiwa na umri wa miaka zaidi ya arobaini, mtu aliyefahamika London kwa jina la Gustavus Vassa alitoa kitabu ambacho anwani yake inasema ni habari za maisha ya Olaudah Equiano, au Gustavus Vassa, Mwafrika, na kwamba kimeandikwa na yeye mwenyewe. Jina la utotoni limetangulia. Lile la Pascal limesukumwa nyuma ya "au". Hakulifuta, kwa kuwa ndilo lililokuwa kwenye hati ya uhuru wake, na bila hati hiyo mtu mweusi angeweza kukamatwa na kuuzwa tena. Alilihamisha tu kiti.

Kitabu kilitoka mara tisa kabla hajafa, na kilisomwa na watu waliokuwa wakidai biashara ya watumwa ikomeshwe. Bunge la Uingereza liliipiga marufuku mwaka 1807, miaka kumi baada ya kifo chake. Laiti angekifungua kitabu kwa jina walilomjua nalo, leo tungekuwa na Vassa peke yake, na watafiti wasingekuwa na neno la kubishania toni yake. Tulilo nalo ni silabi chache za Kiigbo, zilizoandikwa kwa herufi zisizotosha, na koma, na "au". Kwa hizo tu, ukoo ambao haukuachwa na wana unaendelea kutajwa.